Baraza la Birere: Majibu kwa Walioshushwa

Papa Mshauri, nauza vifuniko vya simu hapa Birere, si mbali na Petite Barrière. Tangu benki za Goma zilipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, naandika kwenye Hive, mtandao unaowalipa waandishi kwa visarafu, ili nami nipate. Kila asubuhi natuma picha yangu ya Nyiragongo, ile ile, maana mlima haubadiliki. Nyangumi mmoja, yaani tajiri wa visarafu hivyo, aliye huko ng'ambo, ananipiga kura za kushusha hadi malipo yawe sifuri, wala hanielezi kosa. Si dhuluma hii? — Mnyonge

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa miwani, na kwa yakini sikutaraji kwamba mkazi wa mji ulioshukiwa na lava tarehe 17 Januari 2002, na ikaukaribia tena Mei 2021, angethubutu kuniambia kuwa mlima ule haubadiliki. Tuyaache hayo. Fahamu kwanza kwamba kura iliyokuangukia haikufuta neno lako hata moja. Ilichofanya ni kurejesha katika hazina ya wote, kabla ya siku 7 za malipo kutimia, fungu ambalo ungelipewa, ili ligawiwe waandishi wengine. Kwa hiyo anayerudia picha moja kila asubuhi akitaka ijara mpya huwapunguzia wenzake, na mwenye kumzuia aghalabu ana hoja.

Lakini hoja yake isitufiche aibu ya mizani yenyewe, kwani katika mtandao ule uzito wa kura hupimwa kwa mali ambayo mtu ameifungia humo, wala si kwa elimu wala kwa insafu yake, na tajiri akikosea hukosea kwa kishindo ambacho wanyonge mia hawawezi kukirekebisha. Hive yenyewe ilizaliwa kwa sababu hiyo. Mapema mwaka 2020, mfanyabiashara wa sarafu Justin Sun alipokwisha kuinunua kampuni ya Steemit, iliyokuwa nyuma ya mtandao wao wa awali, masoko ya sarafu kama Binance, Huobi na Poloniex yalipiga kura kwa sarafu ambazo wateja walikuwa wameziweka amana tu, yakawaondoa wasimamizi waliochaguliwa na jamaa wa mtandao huo. Ni kana kwamba mshika fedha wa likelemba asimame mkutanoni akapiga kura mara ishirini, akidai kuwa michango iliyomo mfukoni mwake nayo ina rai. Wenyeji wakajitenga, na tarehe 20 Machi wakaanzisha makao mapya; ila ile kanuni ya mali kuwa uzito wakahama nayo.

Basi badilisha picha. Kisha mwandikie nyangumi wako hadharani, kwa adabu, umwulize ni kosa gani. Asipojibu, naye akaendelea kukushusha hata ukiandika jambo jipya, peleka ushahidi kwa wazito wengine, maana wao huweza kukunyanyua kwa kura zao. Kadhi hakuna.

Papa, sisi wanafunzi wachache tuna seva yetu ndogo ya Lemmy, mtandao wa majadiliano wenye seva nyingi zilizounganishwa. Wageni wa seva jirani hushusha kila kilichoandikwa kwa Kiswahili. Nizime kura za kushusha, ama nifunge mlango kabisa? — Mlinzi

Kuzima kura hizo ni halali yako, nawe hutakuwa wa kwanza: mtandao wa Mastodon haujapata kuwa nazo, na seva ya Beehaw, iliyomo humo humo Lemmy, ilizikataa, kisha Juni 2023, wageni walipofurika kutoka seva mbili kubwa zilizosajili kila ajaye, ikakata uhusiano nazo kwa kuwa walinzi wake walikuwa wachache mno. Siwalaumu. Hata hivyo kufunga seva nzima ni kuwaadhibu maelfu kwa ufidhuli wa wachache, kwa hiyo sharti umwandikie kwanza msimamizi wa jirani, utangaze sababu kwa watu wako kabla ya kufunga, na utaje siku ya kuutazama uamuzi upya. Wala usiniambie kwamba asiyeridhika ahamie kwingine, ilhali wajua kuwa anayehama seva moja ya Lemmy kwenda nyingine huacha nyuma maandishi yake yote. Uhuru wa kuhama bila virago ni nusu ya uhuru. Na kanuni zenu ziandikeni kwa Kiswahili, msije mkamhukumu mtu kwa lugha asiyoisoma.

Papa, niliweka picha ya sombe niliyopika. Mume wangu akanipiga dole la chini mbele ya ukoo mzima. — Mama wa Jikoni

Mama, ulizia kwanza kama alikula. Ikiwa alikula, akaongeza, akapangusa sahani kwa bugali, ndipo akakupiga dole, basi shauri hilo limenizidi. Lipeleke kwa wazee, na sufuria uende nayo ikiwa tupu vivyo hivyo, usiioshe.