Muulize Fundi Spana: Nati Imeingia, Mbona Haifiki?

Safu hii huwajibu wenye magari ya kale waliokwama. Matatizo ya ndoa, mirathi na mipaka ya mashamba pelekeni kwa shangazi wa ukurasa wa pili. Hapa tunashughulika na vitu vinavyofunguka kwa spana.

*

Shikamoo Fundi. Nimerithi Land Rover ya marehemu babu, ya mwaka 1955. Kava la gia boksi lilikuwa limekosa bolti kadhaa, nikanunua za milimita 8 dukani. Zinaingia vizuri kwa vidole, halafu katikati zinagoma. Fundi wetu anasema tuzikaze kwa nguvu, eti zitazoeana. Nimsikilize?
*Mjukuu, Morogoro*

Marahaba, mjukuu. Mnyang'anye spana kwanza, halafu urudi uendelee kusoma.

Gari la babu yako ni Mwingereza wa zamani, na Mwingereza wa zamani hakuijua milimita. Zamani kila karakana kule kwao ilikata uzi wake yenyewe, nati ya huku haiingii bolti ya kule. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth akapendekeza utaratibu mmoja, jino la uzi liwe na pembe ya digrii 55. Mwaka 1908 ukaongezwa uzi mwembamba wa ukoo huohuo, unaoitwa BSF, na huo ndio uliojaa kwenye Land Rover za mwanzo. Wamarekani nao walikuwa wameshashika digrii 60, kufuatia pendekezo la William Sellers la mwaka 1864. Vita Kuu ya Pili ilipowakuta wanatengenezeana silaha, digrii tano hizo ziliwatesa. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zikatia saini uzi wa pamoja. Mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa hadharani, imevaa uzi wa kizamani.

Sasa bolti zako. Za babu ni za inchi 5/16, yaani milimita 7.94. Ulizonunua ni milimita 8. Tofauti hiyo jicho halioni, ndiyo maana muuzaji alikupa kwa moyo mweupe kabisa. Lakini ndani ya inchi moja, BSF ya ukubwa huo ina meno 22, na hizo zako zina meno 20 na kidogo. Meno ya mwanzo huvumiliana. Kadiri bolti inavyoingia, kila jino linazidi kuachana na mfereji wake, mpaka bolti inasimama. Ukilazimisha hapo, chuma kitaishinda aluminiamu ya gia boksi na uzi utatoka kama unga wa sembe. Hazitazoeana. Sijaona bolti iliyozoeana na tundu lisilo lake, nimeona kava zilizopasuka.

Pima hivi: chukua bolti moja ya zamani iliyobaki, uilaze ubavuni mwa ile mpya, meno kwa meno, kisha uzinyanyue kwenye mwanga. Kama meno yameingiliana urefu wote bila mwanga kupenya, mwachano wake ni mmoja. Mwanga ukionekana katikati, rudisha dukani. Mwenye pesa kidogo anunue kipimo cha uzi, vile vibapa vyenye meno vilivyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja. Kwa gari lenye umri huo, hakuna kifaa kitakachokulipa upesi zaidi.

Kuhusu spana, najua hukuuliza, lakini naziona bolti zako kutoka huku. Bolti ya BSF ya 5/16 kwa kawaida kichwa chake hushikwa na spana ya Whitworth iliyoandikwa 1/4W. Usidanganywe na namba hiyo, si upana wa mdomo wa spana bali kipenyo cha bolti ya Whitworth inayofunguliwa nayo. Mdomo wenyewe ni milimita 13.3. Kwa hiyo spana 13 haiingii, na spana 14 inaingia na kucheza, halafu inakula kona za kichwa mpaka kinakuwa duara. Vichwa vya duara unavyoviona kwenye Land Rover nyingi za zamani ni kazi ya spana 14. Tafuta seti ya Whitworth. Wazee waliofanya kazi reli au kwenye mashamba ya mkonge huwa nazo, ila hawauzi kwa kijana asiyeamkia.

Na kama uzi umeshaliwa, usikubali tundu lipanuliwe ovyo. Kuna koili za chuma zinazofungwa ndani ya tundu lililokatwa upya, ukabaki na ukubwa uleule wa bolti. Mtafute fundi mwenye seti ya BSF, na umuulize uzi anaoukata kabla hajawasha drili.

*

Fundi, nafufua Peugeot 404. Kuna bolti za milimita 7 zilizopotea. Kila duka la Nairobi naambiwa kuna 6 na 8 tu, na mekanika ameniambia 7 ni hadithi, tutoboe iwe 8.
*Mpenda Safari, Nakuru*

Hadithi imeshinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, mara mbili katika hizo ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania. Bolti ya milimita 7 ipo, Wafaransa waliipenda, na kichwa chake hushikwa na spana 11. Acha maduka mapya, nenda kwa wauza vyuma chakavu utafute 504 iliyokufa. Ndugu hawa wamerithishana bolti nyingi. Nunua hata zile usizozihitaji leo. Mekanika mpe drili akatoboe ukuta wake.

*

Mume wangu ana makopo ya siagi na ya maziwa yaliyojaa bolti zenye kutu. Yamejaa baraza lote, wageni hawana pa kukaa. Volkswagen yenyewe haijawahi kuwaka tangu nimeolewa. Nikimwaga, atajua?
*Niliyechoka, Mombasa*

Dada, atajua kabla hujafika jaani. Lakini kosa analo, maana kopo la mchanganyiko halina faida hata kwake. Bolti za kava moja huweza kuwa na kipenyo kimoja na urefu tofauti. Ndefu ikiingia tundu la fupi hugota chini kabla ya kubana, naye akiongeza nguvu atapasua kitu. Mwambie achukue kadibodi, achore umbo la kava, achome kila bolti mahali ilipotoka, aandike tarehe. Kadibodi zinapangwa ukutani, baraza linabaki la wageni. Akikataa, mwaga kopo moja mbele yake, na uliza kila bolti ni ya wapi. Kwa hilo nitakuwa upande wako.

*

Nataka gari langu ling'ae. Nimeagiza bolti za chuma kisichoshika kutu, nibadilishe zote, hata za usukani na breki. Huku kwetu chumvi ya bahari inakula kila kitu.
*Msafi, Zanzibar*

Zote, hapana. Bolti ya kawaida ya kazi ngumu huandikwa 8.8 kichwani, maana yake inavumilia nyutoni 800 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika. Hizo zinazong'aa mara nyingi huandikwa A2-70, yaani 700, na huanza kulegea kwa kuvutika mapema zaidi. Zifunge kwenye kibao cha namba na taa. Kwenye usukani, breki na mikono ya magurudumu weka bolti za daraja lilelile alilolichagua mtengenezaji, uzipake rangi au grisi. Jingine: chuma hicho kikigusana na aluminiamu kwenye hewa ya chumvi, kinachooza ni aluminiamu. Bolti itabaki inang'aa, imeshika tundu tupu.

*

Nati za tairi za kushoto za lori letu la Bedford hazifunguki. Tumeweka bomba refu kwenye spana, vijana watatu wananing'inia.
*Wenye Lori, Iringa*

Washusheni. Futeni ncha ya stadi muone kama kuna herufi L. Bedford nyingi za zamani zina uzi wa kinyume upande wa kushoto. Zungusheni kama mnakaza.

*

Barua nyingine nimezirudisha bila majibu, kwa sababu zinauliza "bolti ile ya kati". Anayetaka kujibiwa mwezi ujao aandike aina ya gari na mwaka wake, kipenyo cha bolti, urefu wake bila kichwa, idadi ya meno ndani ya inchi moja, na alama iliyo kichwani. Bolti zenyewe msinitumie kwa posta. Zitunzeni, hata zilizokatika.