Jumamosi ya Maroboti

Wewe mwenye mke, watoto na mama mkwe mbele ya televisheni moja, utanielewa. Kwetu Jumamosi usiku rimoti ni ya kitinda mimba, Bwana Kwanini, na safari hii alichagua Transformers: Revenge of the Fallen, ya Michael Bay, ya mwaka 2009. Dakika kama 150 hivi!

Kwa picha, sina neno. Gari linavyokunjuka kuwa roboti, kila nati inazunguka, ni kazi ya mafundi hasa. Kisa sasa. Filamu ilikuwa inaandaliwa wakati waandishi wa Hollywood wamegoma, mwishoni mwa 2007 hadi Februari 2008, na pengo lao linaonekana.

Shemeji yangu tumembatiza Lufufu, jina la yule mtafsiri wa filamu, kwa sababu haoni filamu bila kuitafsiri kwa sauti. Alikwenda vizuri mpaka kwenye makumbusho ya ndege, Washington. Mashujaa wakafungua mlango wa nyuma, wakatokea jangwani, ndege chakavu zimepangwa na milima nyuma yake. Mama mkwe, Hakimu wetu, akaacha kuchambua mchicha.

"Mwanangu, Washington kuna jangwa?"

Lufufu kimya. Kabla hajapata la kusema, roboti mzee mwenye ndevu na mkongojo akawarusha wote hadi Misri.

Mama huyu amelea wajukuu kwa hadithi za Sungura na Fisi. Sungura akitumbukia kisimani, utajua kilichompeleka na atatokaje. Ndicho kipimo chake, na ni cha haki.

Basi nyumba ikachafuka. Bwana Kwanini anataka kujua yupi mwema, maana wakishikana mieleka karibu wote ni chuma kitupu cha kijivu. Dada yake anashikilia kuwa ni wa bluu. Hakimu anaamuru turudishe nyuma. Mke wangu akatoka jikoni kuamua ugomvi, piramidi za Giza zikamnasa, maharage yakaungua. Tukala ugali kwa mchicha. Sufuria nikasugua mimi, kama kawaida.

Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani, na mwaka 2010 ikapewa tuzo ya Razzie ya filamu mbovu kuliko zote. Hakimu alishahukumu: macho yameshiba, masikio yamelala njaa.

Ndugu zangu mnaouza filamu za kutafsiriwa mtaani, mzazi akija kutafuta picha ya Jumamosi, mwambieni kwanza kama ina kisa.