Bibi Afya na Vitana vya Mpeasi

Wewe uliyeoa fundi cherehani nakuonea wivu. Hasara yako ni sindano iliyosahauliwa kwenye kochi. Ukiikalia unaruka, yamekwisha. Mimi nimeoa fundi wa vinanda vya mdomo. Kwangu huwezi kufungua droo ukitafuta kijiko ukakipata. Utapata ndimi za shaba, misumari midogo kutoka Ujerumani, tupa nyembamba ambazo hairuhusiwi kuzigusa hata kwa kuzisogeza, na kopo la nta ya nyuki ambalo nimekwisha lipaka kwenye mkate nikidhani asali iliyoganda.

Sisi ni watu wa Tanga, maisha yametutupa Chicago, ghorofa ya tatu. Mke wangu, ambaye mimi na watoto tunamwita Mama Sikio, alipofika huku alipata kazi ya kuchonga meno ya bandia. Mkono wake ukazoea vitu vidogo visivyotaka haraka. Siku moja jirani yetu wa chini, mzee mpiga bluzi, akamletea kinanda chake kilichokufa sauti moja, amtazamie tu. Akakifungua juu ya meza ya kulia chakula. Meza ile hatujaipata tena.

Acha nikueleze kazi yenyewe, maana watu wakisikia kinanda cha mdomo wanafikiri habari za kichezeo cha Idi. Kinanda cha bluzi kina matundu 10 na ndimi 20: kumi zinaitika ukipuliza, kumi zinaitika ukivuta pumzi. Kampuni ya Hohner, iliyoanzishwa mjini Trossingen, Ujerumani, mwaka 1857, ilitoa aina iitwayo Marine Band mwaka 1896, na hiyo ndiyo waliyoipuliza wakongwe wa mji huu, Little Walter akiwemo. Marine Band ya asili hutoka kiwandani imepigiliwa misumari. Fundi wa oda huing'oa, akaweka skrubu ili kinanda kifunguke na kufungika. Katikati kuna kitana cha mbao ya mpeasi. Hicho hukisugua mpaka kilale sawasawa na bamba la shaba, kisha hukipaka nta au mafuta kisinywe maji. Halafu hubana kingo za mwanya ambamo ulimi unachezea, pumzi isipotee bure. Mwisho ndiyo kazi yenyewe, kusawazisha sauti. Ukikwangua ncha ya ulimi unakuwa mwepesi, sauti inapanda. Ukikwangua karibu na shina unalegea, sauti inashuka. Kinachotoka hapo ni vumbi tu la shaba. Na usikimbilie kupima, maana joto la kidole peke yake linatosha kuishusha sauti. Sharti usubiri ulimi upoe. Piano husawazishwa A ikiwa mitetemo 440 kwa sekunde, lakini Mama Sikio huiweka 442 au 443, kwa sababu pumzi ya mpigaji ikisukuma huiteremsha.

Yote hayo ya nini? Huku Illinois yuko Howard Levy, aliyeonesha kwamba kinanda hicho cha matundu 10 kinaweza kutoa hata sauti ambazo hakikuumbwa nazo, ukijua kupuliza mpaka ulimi wa upande wa pili ndio uitike. Ila ulimi uliokaa vibaya hauitiki ng'o. Ndipo akina Joe Filisko, fundi na mwalimu wa huku huku, walipowaonesha watu kuwa kinanda cha kiwandani kinaweza kufunguliwa na kufanywa upya kwa mkono. Mke wangu anamtaja Filisko kwa heshima ile ile baba yangu anayoitajia shule ya Tanga School.

Basi sasa fikiria nyumba ambamo kazi hiyo inafanywa usiku, watoto wakishalala. Usidhani unasikia wimbo. Unasikia sauti moja, kimya, tupa inakwaruza, sauti ile ile tena, kimya. Binti yetu mdogo, Forodha, tuliyempa jina hilo kwa sababu hakuna kinachoingia humu ndani bila yeye kukikagua kwa mdomo, siku hizi hasinzii mpaka asikie G. Kaka yake, Mhasibu, anahesabu skrubu na kudai ujira kwa kila anayoiokota chini ya friji. Na yuko Shemeji Kesho, mdogo wake mke wangu, anayepokea simu za wateja. Jina lake limetokana na jibu analowapa.

Ndani ya hali hiyo mama yangu akaja kutoka Tanga kututembelea.

Mama namwita Bibi Afya, kwa mapenzi, maana Bwana Afya wa manispaa hamfikii. Anakagua masufuria yaliyokwisha oshwa. Anayanusa maji. Siku ya kwanza tu aliisimamia meza ya kazi, kanga begani, akauliza mbao zile ni za nini.

"Mpeasi, mama," mke wangu akajibu.

"Huu huu mpeasi wa Lushoto?"

"Ndiyo mama, ila wa Ulaya."

"Na mnaukata? Mti wa matunda?" Akaguna. Kisha akauliza swali ambalo ningekuwa na akili ya mbele ningeliogopa: "Na vitu hivi watu wanavitia mdomoni?"

Jumamosi iliyofuata Mama Sikio alitoka kwenda kununua bahasha za posta. Mezani aliacha vitana vya oda moja kubwa, vinanda vya mwanamuziki mmoja, vya sauti mbalimbali. Alikwisha visugua vikalala, hakuwa bado amevipaka nta. Mimi nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nimelala. Niliota nimo katika hospitali ya Bombo. Nilipoamka nikajua kwa nini. Nyumba nzima ilinuka jiki.

Bibi Afya alikuwa amechemsha maji. Amevitia vitana sabuni, amevisugua kwa mswaki, jino kwa jino, amevisuuza kwa jiki, kisha amevitandaza juu ya rejeta ya kupashia nyumba joto na kuvifunika kanga visipate vumbi. Kazi safi kabisa. Mbao kavu ya mpeasi ikinywa maji inavimba, meno yanachomoza nje. Ikikaushwa ghafla juu ya chuma cha moto inajipinda na kupasuka. Nilipoifunua ile kanga hapakuwa na kitana kilichonyooka.

Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni na bahasha zake. Aliitazama rejeta, akamtazama mama mkwe wake anayetabasamu. Sasa hebu niambie, mke wa Kitanga atasema nini hapo?

"Ahsante mama. Umechoka."

"Sijachoka mwanangu. Usafi ni nusu ya imani."

Halafu akaniita chumbani, akafunga mlango, na kesi yote ya mama yangu nikahukumiwa mimi. Nikaipokea. Mume uliyekaa kati ya mke na mama unajua kuwa hapo hakuna rufaa. Sebuleni Mhasibu alikuwa ameshapiga hesabu ya hasara kwenye daftari la shule, na Shemeji Kesho alikuwa ameshamwambia mteja kwamba mzigo unatoka kesho.

Jioni jirani yetu mzee wa bluzi akapanda kutusalimia, nikamsimulia ili anihurumie. Yule mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema wapigaji wa zamani walikuwa wakivitumbukiza vinanda vyao majini makusudi, kitana kivimbe kizibe nyufa, sauti iwe kubwa. Meno yakichomoza yakawa yanawachana midomo, waliyakata kwa wembe. Ikanibidi nimtafsirie mama, maana alikuwa ameshika kiuno anasubiri.

"Umesikia?" akamwambia mke wangu. "Wazee wa kazi hii waliosha."

Tangu hapo habari ya vitana haikujadiliwa tena. Mke wangu alimpigia mteja mwenyewe, akamweleza ukweli, mteja akakubali kusubiri. Vitana vingine vikaagizwa.

Ila ile wiki ya kusubiri mbao ilileta jambo. Mama akikunja nguo huimba taarabu za ujana wake, na Mama Sikio, mikono haina kazi, akawa anamfuatisha kwa kinanda. Haikukubali. Wimbo una huzuni yake, kinanda kina furaha ya kiwandani. Siku moja akakifungua kinanda kimoja cha C, akateremsha nusu sauti ndimi tano: zote tatu za E upande wa kupuliza, na zote mbili za A upande wa kuvuta. Akakifunga, akampulizia mama ule ubeti aliokuwa akiuimba.

Mama aliacha shati langu likiwa na mkono mmoja umekunjwa. "Hiyo ni kodiani," akasema. Na kwa kweli alikuwa sahihi, kwa kuwa kodiani tunayoisikia kwenye taarabu ya Unguja nayo inaimba kwa ndimi za chuma zinazotikiswa na upepo. Tofauti ni kwamba upepo wake unatoka kwenye mfuko, si kifuani mwa mtu. "Sasa na hiki nacho, unywele ukiingia humo ndani itakuwaje?"

Mke wangu, masikini, akajibu kweli: unywele mmoja ukinasa kwenye mwanya, ulimi unanyamaza.

Hapo ndipo tulipokwisha. Tangu siku ile hakuna anayeikaribia meza bila kitambaa kichwani, mimi mwenye upara nikiwemo. Forodha anafungwa leso kabla ya uji. Shemeji Kesho alikataa siku ya kwanza. Hakupewa chakula, siku ya pili akafunga. Nami nakwambia kwa moyo wangu wote kwamba vinanda vinavyotoka hapa sasa ni visafi kuliko vya mwanzo, na havirudi na malalamiko ya ulimi ulionasa.

Nilinunua kitasa, tukahamishia kazi yote chumba cha stoo ili kuwe na mipaka. Ufunguo anao mama, kaufunga kwenye pindo la kanga, na mke wangu akitaka kuingia kazini huomba kwa adabu. Nawe ukiwa na kinanda chako kimekufa sauti, kilete, fundi yupo na mkono wake ni mzuri. Njoo na kitambaa chako cha kichwa.