Kichwa Chake Kiko Wapi?

Anayetaka kumpika sungura wa mwitu hapa kisiwani Mombasa aanze kwa wakili, ndipo aende kwa muuza bizari. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ikaja kukaza kamba: ukikutwa na nyama ya mnyama wa mwitu, hata kama iko sufuriani na tui lishachemka, ilipopitishwa iliweka faini isiyopungua shilingi 200,000, au jela isiyopungua mwaka mzima, au vyote viwili. Kwa pesa hizo mtu huchinja ng'ombe akaalika mtaa. Basi yule wa porini, mwenye miguu mirefu na nyama nyeusi inayonukia majani ya nyika, tumwache huko huko bara ya Mazeras akimbie na roho yake. Ninayemzungumzia mimi ni jamaa yake wa kufugwa, mwenye nyama nyeupe, anayekwenda kwa kibali cha serikali na cha mfukoni.

Tatizo ni kwamba hata huyu hatujamzoea. Ibn Battuta alipopita hapa mwaka 1331 aliandika kwamba chakula cha watu wa Mombasa zaidi ni ndizi na samaki. Karne karibu saba zimepita. Tumeongeza pilau, biriani, viazi karai, mahamri kwa mbaazi, na kila aina ya achari, ila sungura hakuna aliyemkumbuka. Nenda Marikiti uulize iliki, mdalasini, ukwaju, papo hapo utazungukwa na wauzaji. Uliza nyama ya sungura, utaulizwa mgonjwa ni nani.

Aliyeniingiza katika mambo haya ni shemeji yangu wa Kisauni. Anafuga wale weupe wenye macho mekundu, New Zealand White, na riziki yake kubwa haitoki kwenye nyama bali kwenye mkojo. Anaukinga chini ya vizimba, anaulaza kwenye madumu mpaka uchache, halafu anawauzia wakulima wa mboga kama mbolea na dawa ya kufukuzia wadudu. Nyumbani kwake huingii bila kuziba pua, lakini ada za shule za wanawe zimelipwa, kwa hivyo watu humsalimia kwa heshima kutoka mbali.

Sungura wa kwanza alinipa mzima. Alikuja ndani ya kikapu cha ukili, kwa tuktuk, daraja la Nyali lote akichungulia kama mtalii. Kabla sijapata kisu, watoto walikuwa washampa jina na kumfunga utepe uliobaki Idi. Mnyama akishapewa jina hachinjiki tena; huyo ni mpangaji. Hadi leo anakaa darini, anakula mchicha ninaoununua mimi, na akiniona ananigeuzia mgongo.

Wa pili nikamwambia shemeji anisaidie: amchinje mwenyewe kwa bismillahi, amchune, amsafishe, kichwa na miguu asiniletee. Niliona nimepata akili. Kumbe ndio nimejitia kitanzi.

Mji wa Kale ni mji wa paka. Wako barazani, wako juu ya pikipiki, wako kwenye ngazi za nyumba za mawe wakikutazama kama wewe ndiye uliyechelewa kodi. Sasa mchukue sungura aliyechunwa, asiye na kichwa, asiye na miguu, asiye na mkia. Mweke ndani ya bakuli. Mtazame vizuri: mgongo mrefu, kiuno chembamba, mapaja yamejikunja. Ndivyo alivyomtazama shangazi yangu aliyekuja kunisimamia jikoni, akaondoa sahani iliyofunika, akairudisha polepole.

"Kichwa chake kiko wapi?"

"Kiko kwa shemeji, shangazi."

"Na miguu?"

"Kwa shemeji."

Akakaa kimya. Kutoka chini, kwenye ua, ikapanda sauti ya jirani yetu: "Mweupeee! Mweupe, ndoo mwanangu! Tangu alfajiri simuoni, jamani!"

Shangazi akanitazama. Mimi nikalitazama bakuli.

Wala shangazi si wa kwanza kuingiwa na shaka hiyo. Huko Ufaransa na Hispania wauza nyama wamezoea kumwacha sungura na kichwa chake, au na manyoya ya miguuni, ili mteja asilale na wasiwasi. Na wasiwasi wao una historia: Waprusia walipouzingira mji wa Paris mwaka 1870, paka waliingia sufuriani kweli kweli, tena na panya wakawafuata. Nilimweleza shangazi haya yote nikidhani yatanisaidia. Akasema, "Kwa hivyo hata wewe wajua kwamba watu hufanya hivyo."

Ilibidi nimpigie shemeji simu, aniletee kichwa kwa bodaboda. Kilipofika, kimefungwa gazetini, masikio yote mawili yako sawasawa, shangazi alikikagua kama karani wa forodha kisha akakubali kuwasha seredani. Dakika hiyo hiyo Mweupe akatokea dirishani, mzima wa afya, amefuata harufu ya nyama mbichi. Jirani aliitwa kumtambua.

Suala la halali lilikuwa jepesi zaidi. Maalim wetu alicheka, akanikumbusha hadithi ya Anas bin Malik iliyomo katika Bukhari: walimkurupusha sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran, watu wakamkimbiza mpaka wakachoka, Anas akamkamata, Abu Talha akamchinja, na mapaja yakapelekwa kwa Mtume, naye akayapokea. Kwetu sisi Sunni mambo yameisha hapo. Lakini jirani wa nyumba ya pili ni Ithnaasheri, na kwa madhehebu yake sungura haliwi. Na mtaani kwetu chakula kikinukia lazima sahani itoke, na sahani iliyokwenda haijapata kurudi tupu. Basi siku ya sungura inabidi upike vitu viwili: sungura wako, na kaimati za kumpelekea jirani ili asiseme umemnyima. Gharama hiyo hakuna kitabu cha mapishi kinachoitaja.

Sasa tuje kwenye mapishi yenyewe, maana watu humla sungura mara moja, wakasema ni mkavu, hana ladha, wakarudi kwa kuku. Sungura hana hatia. Hana mafuta, basi. Stefansson, yule msafiri wa kaskazini ya mbali, aliandika kuhusu watu wa misitu ya huko ambao msimu mbaya hubaki na sungura watupu: wanakula mpaka matumbo yanajaa, na bado njaa iko pale pale, wanaharisha, wanaishiwa nguvu, kwa kukosa mafuta tu. Niliposoma habari hiyo niliwahurumia. Hawakuwa na mnazi.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulitoka kwa fundi wa mishkaki. Papai bichi, akasema, likwaruze, mpake, mlaze nalo usiku kucha. Kwa nyama ya ng'ombe mzee ushauri huo ni wa thamani, kwani utomvu wa papai una papaini, inayovunjavunja nyuzi za nyama mpaka zilegee. Sungura mchanga hana nyuzi za kuvunjwa. Asubuhi nilimkuta amelegea kupita kiasi; nilishika paja, nikabaki na mfupa, nyama imebaki bakulini. Shangazi alichota kidogo kwa kijiko, akauliza kama nataka itiwe sukari.

Njia iliyokubalika baada ya mabishano mengi ni yake yeye. Nyama ioshwe kwa ndimu na chumvi, ipakwe thomu na tangawizi iliyopondwa kinuni pamoja na pilipili mbichi, ikae kwenye mtindi saa chache tu, papai libaki tunda. Kisha iende kwenye tui jepesi, makaa machache, sufuria imefunikwa. Mapaja yanatangulia, nyama ya mgongoni inafuata baadaye, maana ikiwekwa pamoja na mapaja itageuka mti. Hapo tui lisichemke kwa fujo. Liwe linatokota tu, ukisikia sauti kubwa toa kaa moja.

Wengi wanafikiri utamfanya wa kupaka kama kuku, yaani umchome kwanza halafu umwagie tui. Kuku ana ngozi na mafuta yake, anastahimili. Sungura ukimtanguliza motoni anakauka kabla hujafika kwenye tui, na likija tui halimwingii tena. Yeye ageuzwe: alainike kwanza ndani ya tui jepesi, ndipo apande juu ya makaa dakika chache, apakwe tui zito lenye ndimu na bizari ya manjano, ageuzwe, apakwe tena, mpaka kingo zianze kushika rangi na tone likidondoka kwenye kaa moshi wake ulete harufu ya nazi inayoungua kidogo. Lile lililobaki sufuriani litie tui zito mwisho kabisa, koroga upande mmoja, epua kabla halijakatika. Ladha yake? Iko kati ya kuku na kitu ambacho kuku angetamani kuwa.

Walioalikwa walikuwa ndugu wa karibu. Mwanangu mdogo alihesabu mapaja kwenye sinia kwa sauti, akafika la nne, akanyamaza, akaangalia juu darini. Nilimhakikishia kwamba mpangaji wetu yupo na ameshakula chakula chake cha jioni. Shangazi, aliyemlea Sungura mjanja kwenye hadithi zake zote za usiku, alitafuna mgongo wake bila huruma, akasema ni kisasi kwa niaba ya Fisi.

Mjomba ndiye aliyetusumbua. Alipoambiwa ni sungura alivuta kiti nyuma. "Mimi kitu hicho sili. Si haramu, najua. Ila moyo haukubali." Tukamwomba radhi, tukataka kumkaangia yai. Akasema tusijisumbue, akamega kipande cha mkate wa mofa na kuchovya ukingoni mwa bakuli, pale ambapo hakuna nyama. "Mchuzi si sungura," akaeleza. Akachovya tena. Mchovyo wa tatu ukaingia mpaka katikati. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya unga na mambo ya bandari, na kila nilipotazama upande wake, mofa ilikuwa imepungua na nyama kwenye bakuli zimeanza kuonekana mgongo, kama miamba ya Likoni maji yakitoka.

Mwisho bakuli lilikuwa kavu, nyama zimebaki zimeketi peke yake. Mjomba akanawa mikono, akajifuta ndevu, akaniita pembeni asisikike na wengine.

"Mpwa wangu, siku nyingine ukipika kitu hiki, mfikirie na mjomba wako. Upike vivi hivi, usibadilishe hata pilipili. Ila mchuzi uwe mwingi, na badala ya sungura utie viazi."