Njia 7 za kumtajia mteja bei ya tovuti Nairobi, kuanzia mbovu kabisa

Tangu kitovu cha teknolojia cha iHub kifungue milango pale Ngong Road mwaka 2010, Nairobi haijakosa mafundi wa tovuti. Kinachokosekana ni bei inayoeleweka. Peleka kazi moja kwa mafundi watatu: wa kwanza atasema elfu kumi, wa pili elfu themanini, wa tatu atasema "hatutakosana." Hii hapa orodha rasmi, iliyopimwa kwa mizani ya mwandishi peke yake. Rufaa hakuna, kelele ruksa.

7. Bei ya "nitakuletea wateja"
Mteja ana duka la simu Luthuli Avenue na marafiki kibao wanaotaka tovuti. Mtengenezee yake bure, "halafu uone vile watakujia." Watakuja kweli, na kila mmoja atauliza mbona mwenzake hakulipa. Jaribu kumlipa landilodi kwa wateja watarajiwa, kisha utuambie alikujibu nini.
Hukumu: Huo ni mchango wa harusi, na hata harusini ungepewa pilau.

6. Bei ya kuangalia gari
Kuna Range Rover nje ya saluni ya Lavington? Laki moja. Kibanda cha futi sita River Road? Elfu kumi na tano. Taratibu, fundi! Wa kibanda huenda anauza jumla kwa wafanyabiashara wa kaunti tano, na wa saluni bado analipia vioo kwa mkopo.
Hukumu: Gari likionyesha chochote, mara nyingi ni deni.

5. Bei kwa ukurasa
Inaonekana ya haki, hadi ukumbuke kwamba ukurasa wa "Wasiliana Nasi" una nambari ya simu na ramani, ilhali ule wa malipo unaunganishwa na M-Pesa kupitia Daraja, API ya Safaricom, na kukukesheza hadi alfajiri. Bei ni ileile! Mteja mjanja naye ataagiza vyote viwekwe kwenye ukurasa mmoja, uteremke na kidole kutoka Kencom hadi Kangemi.
Hukumu: Waachie wapiga fotokopi.

4. Bei kwa saa
London na Toronto wanaipenda. Mwenye hoteli Kawangware ana swali moja tu: "Jumla ngapi?" Na hesabu yenyewe ni kichekesho: aliyebobea anamaliza kwa saa 6, anayejifunza kwa saa 30, na anayejifunza ndiye anayeondoka na donge nono. Stima ikipotea je, saa zinaendelea kuhesabiwa?
Hukumu: Inafaa kwa marekebisho madogo na wateja wa ng'ambo. Atakayebisha kwanza analipwa kwa dola.

3. Bei moja, kazi yote
Wengi wetu tuko hapa. Mteja anajua anachodaiwa, analala vizuri. Halafu anaamka: "Bosi, niongezee tu kitu kidogo." Leo kalenda ya miadi, kesho tafsiri ya Kichina, keshokutwa nembo mpya. Kenya nzima inajua kitu kidogo hakijawahi kuwa kidogo.
Hukumu: Andika kurasa 5, marekebisho mara 2, mengine yana bei yake. Bila maandishi, utastaafu na kazi hiyo.

2. Bei tatu kwenye karatasi moja
Ya chini: tovuti ya kutazamwa, nambari ya till ya M-Pesa imeandikwa pale chini. Ya kati: wanunuzi wanaagiza kwa WhatsApp. Ya juu: malipo yanajithibitisha yenyewe, hakuna tena mtu wa kaunta anayekodolea macho meseji za M-Pesa. Ghafla "punguza kidogo" inageuka "sasa nichukue ipi?" Akitaka kushuka bei, anashuka ngazi, na kazi inashuka naye.
Hukumu: Wengi hukimbilia ya kati. Ipige hesabu vizuri. Hizo nyingine mbili ni mashahidi tu.

1. Kianzio, salio na ada ya mwaka
Bingwa! Nusu kabla hujagusa kibodi, salio kabla tovuti haijapanda hewani. Kisha ada ya kila mwaka, maana jina la .co.ke hulipiwa upya, seva vilevile, na WordPress isiyosasishwa hukaribisha wezi. Jina lisajiliwe kwa mteja, ili mkikosana mgombanie pesa peke yake. Na watoza ushuru wa KRA je? Kampuni inaweza kukukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, na tangu 2024 itataka ankara ya kielektroniki ya eTIMS ili gharama hiyo ikubalike kwenye hesabu zake. Bei isiyokumbuka hayo ni punguzo ulilotoa bila kuombwa.
Hukumu: Mteja anayekataa kutoa kianzio amekuonyesha mapema, tena bila malipo, jinsi salio litakavyokuwa.

Haya, bisheni. Ila kila mbishi aje na ankara iliyolipwa. Zile zilizotumwa tu, sote tunazo.