Saa ya deki: mambo manane yatakayokukuta ukiiunda Bukoba

Watani wetu husema Mhaya hanunui kitu kisicho na sifa ya kusimulia. Basi nshomile, yaani Mhaya msomi, nimekuja na yangu: saa ya mezani yenye tarakimu za kijani zinazowaka ndani ya kioo kisicho na hewa, na inajisahihisha yenyewe kwa redio. Imeundwa Bukoba mjini, sasa inaishi Muleba kwa baba mdogo. Ukitaka kuiga, jiandae. Naanzia na dogo.

8. Utaanza na maiti. Displei za aina hii huzipati dukani. Ziko ndani ya madeki ya mkanda wa video yaliyokufa zamani, yamebaki juu ya kabati yakiwa yamefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilimwomba fundi redio sokoni anifungulie moja. "Unataka hedi?" "Hapana fundi, nataka macho." Akanitoza hela ya deki zima, akabaki na mwili. Macho yenyewe yalikuwa yakipepesa 12:00 tangu siku deki liliponunuliwa, maana sijaona nyumba iliyowahi kufungua kile kitabu cha maelekezo.

7. Volti si tatizo. Ogopa doa jeupe. Kisogeze kioo karibu na jicho. Mbele kabisa kuna nyaya nyembamba kama unywele, nyuma yake wavu mdogo, halafu vipande vya tarakimu vilivyopakwa unga. Waya ukipata joto unatema elektroni, wavu unaamua zipite au zirudi, na unga ukigongwa unawaka kijani. Ni valvu ileile ya redio za mababu, ila imelazwa chali. Waya ukiuona umeiva mwekundu, umezidisha, punguza. Volti 25 hadi 50 zinaitosha displei hii. Taa za Nixie zenye mwanga wa chungwa hudai kama 170, hizo waachie wenye bima. Pembeni mwa kioo kuna doa la rangi ya fedha. Likigeuka jeupe ujue hewa imeingia. Mrudishie fundi macho yake.

6. Ujerumani utaisikia kwa simu tu. Shemeji aliyeko huko alinitumia kipokezi kidogo chenye antena ya kijiti. Kwao saa hujirekebisha kwa mtambo wa DCF77 ulioko Mainflingen, karibu na Frankfurt, unaorusha kwa kilohezi 77.5. Kila sekunde mawimbi yanafifia kidogo: yakififia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sifuri, kwa mbili ni moja, na sekunde ya 59 inarukwa ili ujue dakika mpya inakuja. Ni kazi safi sana. Ila mtambo unasikika vizuri hadi kama kilomita 2,000, na kutoka kule hadi Bukoba ni zaidi ya 6,000. Usiku wa tatu kitaa cha kipokezi kikaanza kupepesa. Nikaita nyumba nzima. Ilikuwa chaja ya simu.

5. Mzee atakushauri usikilize pipu. "Mwanangu, BBC si wanapiga saa?" Wanapiga, baba, tangu Februari 5, 1924. Siku hizi ni tano fupi, ya sita ndefu, na saa kamili ni pale ile ndefu inapoanza. Lakini pipu ikiletwa kwa setilaiti hadi kwenye mtambo wa FM, imepanda kilomita 36,000 na kushuka zilezile. Hapo imekula robo sekunde, kabla hata mitambo ya dijitali haijaongeza ucheleweshaji wake. Kwa mtu aliyefika kikao cha ukoo saa tatu baada ya kuitwa, robo sekunde si hoja. Kwa saa yangu ni aibu.

4. Usihesabu umeme. Kuna saa zinazojiendesha kwa kuhesabu mapigo 50 ya umeme kila sekunde. Kwa miaka mingi umeme wa Bukoba ulitoka Uganda. Hata dakika tungekuwa tunakopa.

3. Mwokozi yuko juu, na hapendi bati. Nikahamia GPS, ambayo nayo ni redio: setilaiti zenye saa za atomu, kilomita 20,200 juu, zikirusha kwa megahezi 1,575.42. Moduli yake ni ndogo kuliko kiberiti, lakini chini ya bati haisikii kitu. Nikaitundika dirishani. Ikikaa muda mrefu bila umeme, ivumilie: saa ya setilaiti inatangulia saa rasmi ya dunia kwa sekunde 18 tangu Januari 1, 2017, na ujumbe mzima wenye masahihisho huchukua dakika 12 na nusu kukamilika; kabla ya hapo saa yako inaweza kutangulia. Hadi leo Muleba hakuna aliyelalamikia zile sekunde. (Kwa wanaouliza: hapana, mwanga wa deki hauvuti senene. Nimekaa na ndoo dirishani Novemba nzima.)

2. Jua la Bukoba litakubishia. Hapa ndipo usahihi wote ulipoanza kunichekesha. Saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki. Bukoba iko karibu na 31.8. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua letu linafika utosini kama dakika 53 baada ya saa sita mchana, wastani wa mwaka. La Dar linatutangulia kwa nusu saa nzima. Mnyarwanda ng'ambo ya Rusumo anarudisha saa yake nyuma kwa saa moja, na jua linakubaliana naye. Kumbe watoto wa Kagera wanaokwenda shule gizani saa kumi na mbili na nusu wana hoja. Niliwahi kuwa mmoja wao na nilichapwa bure.

1. Utaiweka Tokyo. Nilipoipeleka Muleba, saa ilionyesha 7:00 asubuhi. Baba mdogo akaitazama sana. "Hii ni saa moja. Mbona imeandika saba? Na mshale wake uko wapi?" La mshale nililikwepa. La saba nikalirudia kwenye programu, nitoe saa sita. Nikapitia orodha ya miji, na kumbe jibu lilikuwemo: Japani imetutangulia kwa saa sita kamili. Saa moja asubuhi Muleba, Tokyo ni saa saba mchana, na kwenye saa inayohesabu hadi 12 hiyo ni 1:00. Weka Tokyo, inasoma Kiswahili! Tena displei za tarakimu za aina hii zilianzia hukohuko Japani, kampuni ya Ise Electronics, 1967.

Ila Tokyo ina lake. Usiku wa manane wa kwao ni saa kumi na mbili jioni ya kwetu, na tarehe inageuka hapohapo. Jioni ile tulikaa mbele yake, bakuli la kahawa ya kutafuna katikati. Ikaandika 12:00, safari hii bila kupepesa, na tarehe ikaruka kutoka 14 kwenda 15. Baba mdogo akageuka mlangoni, akatazama nje.

"Kumi na tano gani hiyo, na jua bado liko juu ya migomba?"