Muulize Shangazi Mizani: Kauli Mbili za Mchumba

*Shikamoo Shangazi. Mchumba wangu hataki kunitajia mshahara wake. Nilipombana alinipa kauli mbili. Ya kwanza: mshahara wake kwa wa kaka yake ni uwiano wa 3 kwa 1. Ya pili: wastani wa mishahara yao ni mara mbili ya mshahara wa kaka yake. Kila kauli peke yake naona haitoshi, lakini nikiziunganisha nina milinganyo miwili na vitu viwili nisivyovijua. Mbona basi jibu silipati? Mchumba wa Mhasibu, Tanga.*

Marahaba, mwanangu. Hulipati kwa sababu halimo. Mhasibu wako amekupa kauli moja akaivalisha nguo mbili. Kaka akipata fungu 1 yeye anapata 3, jumla 4, ukigawanya kwa watu wawili unabaki na 2, yaani mara mbili ya kaka. Kauli ya pili haikuongeza kitu. Laki tatu kwa laki moja inakubalika, na milioni tatu kwa milioni moja inakubalika vilevile, na baina ya ndoa hizo mbili kuna tofauti hata mshenga angeiona. Ile kanuni ya shuleni, kwamba milinganyo miwili hufichua visivyojulikana viwili, ina sharti ambalo wengi hulisahau: kila mlinganyo uwe na habari yake wenyewe. Kwa hiyo acha kuhesabu kauli ulizopewa, hesabu majibu yaliyobaki. Kauli inatosha pale inapoacha jibu moja tu. Likibaki la pili, haitoshi, hata ikija na tarakimu kumi.

Maswali ya namna hii hayakubuniwa na wachumba. Yamo katika GMAT, mtihani ulioanza 1954 kwa wanaotaka kusomea shahada ya uzamili ya biashara, na tangu toleo lililoanza mwishoni mwa 2023 yamehamishiwa sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 ya aina mbalimbali kwa dakika 45. Mtahiniwa hupewa swali na kauli mbili, kisha huchagua: ya kwanza pekee inatosha, ya pili pekee inatosha, zinatosha zikiungana tu, kila moja inatosha peke yake, au hata zikiungana hazitoshi. Haulizwi jibu ni ngapi. Kwa mtu aliyelelewa na walimu wanaotoa alama kwa atakayefika mstari wa mwisho, huu ni ufedhuli kidogo.

*Shangazi, kwa nini nisikokotoe mpaka mwisho nikawa na uhakika? Mwangalifu, Nakuru.*

Kwa sababu ukokotoaji hukupa jibu moja, na jibu moja halithibitishi kwamba la pili halipo. Chukua mfanyabiashara anayechanganya mchele wa shilingi 2,400 kwa kilo na wa shilingi 3,600. Swali: katika mchanganyiko huo, mchele wa bei nafuu ni sehemu gani? Kauli inasema kilo moja ya mchanganyiko imegharimu shilingi 2,700. Hujaambiwa kilo hata moja, na inatosha. Wastani uko shilingi 300 kutoka bei ya chini na 900 kutoka bei ya juu, basi uzito unakwenda kinyume cha umbali: 3 kwa 1, robo tatu ni mchele wa bei nafuu. Sasa badilisha swali, uliza ni kilo ngapi. Kauli ileile inakuwa bubu, kwa kuwa kilo 3 kwa 1 na kilo 300 kwa 100 zote zinaipokea. Wastani wenye uzito hufichua uwiano, haufichui idadi.

Na pengine hata uwiano hauhitajiki. Wavulana wa darasa moja wana wastani wa alama 60, wasichana 70. Je, wastani wa darasa zima umepita 65? Ukiambiwa tu kwamba wasichana ni wengi kuliko wavulana, kazi imekwisha: uzito umeelemea upande wa 70, jibu ni ndiyo. Ukiambiwa darasa lina wanafunzi 40, umepewa namba kamili isiyokusaidia chochote. Watahiniwa wengi huinyima kauli ya kwanza imani kwa sababu haina tarakimu. Huo naona ni ushamba wa kihesabu.

Mwangalifu atanipinga: kama ni hivyo, mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili si hautoshi daima? Hapana. Daftari dogo ni shilingi 700, kubwa 1,100, na mtu ametumia shilingi 8,300 kamili. Madaftari hayakatwi nusu. Jaribu makubwa kuanzia 0 mpaka 7, utaona ni 5 tu yanayokubali, pamoja na madogo 4. Mlinganyo mmoja, jibu moja. Lakini akitumia shilingi 16,000 kuna njia mbili: madogo 15 na makubwa 5, au madogo 4 na makubwa 12. Umbo la mlinganyo ni lilelile, hukumu imegeuka. Hapa sikatai kukokotoa, ila unakokotoa ukitafuta jibu la pili. Ukilipata, simama hapohapo.

*Shangazi, mtihani ukipita nani atahitaji hayo? Mwenye Shaka, Bujumbura.*

Wanaochunguza madai ya ubaguzi, kwa mfano. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilipokea maombi ya masomo ya uzamili kutoka kwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume walikubaliwa kwa takriban asilimia 44, wanawake asilimia 35. Ukiuliza kama idara ziliwabagua wanawake, namba hizo zinaonekana kupiga kelele ndiyo. Bickel, Hammel na O'Connell walizichambua idara moja moja, wakachapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 1975: pengo lile halikuonekana idara kwa idara, na kwa ujumla kulikuwa na mwelekeo mdogo wa kuwapendelea wanawake. Wanawake wengi waliomba idara ngumu kuingia, kwa hiyo wastani wao ulivutwa chini na uzito wa idara hizo. Utasema basi uonevu haukuwapo. Hilo nalo halitoshi, mwanangu, maana takwimu za kuingia chuoni hazisemi nini kiliwasukuma wanawake kwenye idara hizo tangu shuleni. Hilo ni swali jingine, linalotaka data zake lenyewe.